Saluni inakula umeme wa karakana ndani ya fremu ya duka la sabuni

Ukitaka kujua umeme unavyoliwa, muulize dada wa saluni kabla hujamfuata mhandisi. Dada anajua kwamba draya ya mkononi ya wati 2,000 ikinguruma nusu saa imemaliza uniti moja. Anajua kwamba ile ya kukalia, yenye kofia, inakula polepole ila inakaa muda mrefu. Anajua pia kwamba hita ya maji ndiyo mchawi wa LUKU, kwa hiyo anaizima mara tu kichwa kinapotoka kwenye sinki. Jumamosi yenye harusi tatu mjini Singida hesabu hizi zinapigwa kichwani huku mikono inasuka, na mwisho wa siku zinakuwa sahihi kuliko za watu wengi waliosomea biashara.

Hesabu ambayo hakuna aliyemfundisha ni ya waya uliofukiwa ukutani. Waya huo ndio unaobeba uniti zote hizo, na hausemi lolote mpaka uanze kunuka.

Tuanze na namba, maana kwenye umeme maneno matupu hayasaidii. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa, tuliyorithi kwa Mwingereza, ina fyuzi tumboni, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Kwa volti 230 tunazoletewa, hiyo ni karibu wati 3,000. Chomeka draya mbili za wati 2,000 kwenye ekstensheni moja, tayari unavuta zaidi ya ampea 17. Mtu angetegemea fyuzi ikatike hapo hapo. Wapi! Fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba ampea 20 kwa muda mrefu bila kukatika, muda unaotosha kumaliza kichwa kimoja na kuanza kingine. Wakati huo ekstensheni ya bei chee, yenye nyaya nyembamba zilizokusudiwa taa na chaja ya simu, inapika. Joto ndani ya waya halipandi sawa na mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiwa umeuzungusha waya uliobaki na kuufunga kitita nyuma ya kioo ili wateja wasijikwae, joto hilo halina pa kutokea.

Majuzi nilikaa kwenye saluni moja mtaa wa Majengo nikimsubiri binti yangu. Soketi ya ukutani, ambayo zamani ilikuwa nyeupe, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa upande mmoja, na pembeni plastiki imevimba kidogo. Juu yake ilikaa plagi ya miguu miwili ya duara, ile inayokuja na draya za nje. Na kwenye tundu la juu, ambalo ni la mguu wa ethi, kilikuwa kimechomekwa kifuniko cha kalamu. Sote tunaijua mbinu hii. Soketi zetu zina vilango vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini mpaka mguu mrefu wa juu uingie na kuvifungua. Kifuniko cha kalamu kinavidanganya. Dada aliniona nikitazama, akacheka: "Usiogope mzee, hii imeshazoea."

Kwa haki yake niseme kwamba draya ile yenyewe huenda haikuhitaji ethi. Ukiona mgongoni mwa kifaa alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, ujue kimezibwa mara mbili na kimetengenezwa kifanye kazi bila waya wa tatu. Shida ya mguu mwembamba wa duara ndani ya tundu la mguu bapa ni kwamba haukai. Unagusa kidogo, unaachia kidogo, na mahali panapogusa kidogo ndipo panapopata moto. Rangi ile ya chai ilitoka hapo. Shida ya pili ni mazoea: kifuniko kilekile kesho kitatumika kuchomeka stima ya nywele, yenye maji tumboni na stendi ya chuma, ambayo ethi kwake ni jambo la uhai.

Na hapo ndipo Singida inapoingia kwa namna yake.

Mji wetu umekaa juu ya mawe. Mgeni anayeshuka kwenye basi hulitambua hilo kabla hajaambiwa jina la ziwa: majabali ya matale yamekaa kando ya Singidani na Kindai, nyuma ya nyumba, katikati ya viwanja. Mvua tunapata msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ardhi inakauka miezi mingi mfululizo. Kwa alizeti tumeshajua namna ya kuishi na hali hiyo. Kwa umeme bado.

TANESCO kwa kawaida wanakuletea nyaya mbili kutoka nguzoni. Ethi ni juu yako: chuma kinachopigiliwa ardhini nje ya nyumba, waya wa kijani na njano ukatoka hapo kwenda kwenye boksi la meni swichi. Wazo lake ni rahisi. Waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma ya kifaa, umeme upate njia fupi ya kwenda ardhini, mkondo uwe mkubwa ghafla, fyuzi ikatike. Lakini ili mkondo uwe mkubwa, ardhi lazima ikubali kuupokea. Udongo wenye unyevunyevu unapokea vizuri. Changarawe kavu ya mwezi wa tisa, chini yake jabali, inakataa, na ukinzani wake unaweza kufika mamia ya omu. Chukua omu 200, ugawe volti 230 kwa namba hiyo: unapata ampea moja na kitu. Fyuzi ya ampea 13 haitajua kwamba kuna tatizo. Sakiti breka ya ampea 32 haitajua. Bodi ya stima itabaki na umeme siku nzima, na wa kwanza kujua atakuwa mwenye mikono iliyolowa.

Sitaki mtu aseme namtisha kwa vitu vya kufikirika, kwa hiyo tuangalie mwili wa mtu unahitaji umeme kiasi gani ili udhurike. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliifanya kazi hiyo kwa watu waliojitolea, akipima ni mkondo kiasi gani mtu anaweza kuushika mkononi na bado akaweza kuachia. Wastani aliopata kwa wanaume ulikuwa karibu miliampea 16. Kwa wanawake, karibu 10 na nusu. Zaidi ya hapo misuli inakaza, mkono unang'ang'ania kile kinachouua. Linganisha: ampea 13 za fyuzi ni miliampea 13,000. Fyuzi ipo kulinda waya usiungue. Dada anayeosha nywele hamo katika hesabu zake kabisa.

Dalziel huyo huyo mwaka 1961 alibuni kifaa cha kumlinda. Mafundi wetu wanakiita RCD. Kinakaa kwenye boksi la meni, na kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukitoka mwingi ukarudi pungufu, maana yake kuna sehemu unavuja, labda kupitia mwili wa mtu, na kinakata. Kile cha miliampea 30, ambacho ndicho cha kulinda watu, kinatakiwa kukata ndani ya theluthi moja ya sekunde hata kidogo kabla. Na utamu wake kwa watu wa mawe kama sisi ni huu: hakihitaji ardhi nzuri. Kwenye ethi ile ya omu 200 iliyoshindwa kuangusha fyuzi, RCD inaanguka bila wasiwasi, kwa kuwa inahitaji miliampea 30 tu. Mtu wa ukanda wenye udongo mbichi anaweza kubishana nami kuhusu umuhimu wake. Wa Singida sioni atasimamia wapi.

Wamarekani walijifunza somo la draya kwa vifo. Watu wengi hudhani kwamba draya iliyozimwa kwa swichi yake ni salama. Ikidondokea kwenye maji huku imechomekwa, umeme bado umo ndani yake, iwe imewashwa au imezimwa. Baada ya watu kufa mabafuni mwaka baada ya mwaka, viwango vyao vilianza kudai, na kufikia 1991 vikakamilika, kwamba draya iwe na plagi inayokata umeme yenyewe pindi maji yanapoingia, hata swichi ikiwa imezimwa. Mwaka 2011 tume yao ya usalama wa bidhaa ikaitangaza draya ya mkononi isiyo na kinga hiyo kuwa bidhaa ya hatari. Ile plagi nene kama kiberiti unayoiona kwenye draya aliyoleta shangazi kutoka Texas ndiyo hiyo. Draya tunazonunua madukani kwetu, nyingi zinakuja na plagi ya kawaida. Basi kinga ambayo mwenzetu ameiweka kwenye plagi, sisi lazima tuiweke ukutani.

Nataja sinki, lakini mjini kwetu maji na umeme hukutana zaidi kwenye ndoo. Saluni isiyo na hita ya ukutani ina hita ya kuchovya, ile ya koili, inayoning'inizwa ukingoni mwa ndoo ya plastiki huku msichana anajaribu joto la maji kwa kidole. Sina la upole la kusema kuhusu kifaa hicho. Kizimwe na kichomolewe kwanza, kidole kifuate. Bora zaidi kitupwe.

Kuna na vumbi. Kuanzia Juni upepo wa Singida hauna simile. Wataalamu wa nishati wanautamani kwa mitambo ya kufua umeme, sisi unatujazia mchanga kwenye chai. Wavu wa nyuma ya draya, mahali inapovutia hewa, unazibwa na vumbi hilo likichanganyika na nywele. Draya ikikosa hewa inapata moto kupita kiasi, na ndani yake kuna kidhibiti joto kinachoikata. Mwenye saluni anaona draya inazimikazimika, anaipeleka kwa fundi wa redio mlangoni, fundi anakiruka kile kidhibiti kwa kipande cha waya, draya inafanya kazi "kama mpya". Nimeshasikia kazi hiyo ikisifiwa kuwa ni utaalamu. Kusafisha wavu kwa mswaki mkavu kila Jumatatu kungetosha.

Sasa, nani alaumiwe? Ni rahisi kumnyooshea kidole dada mwenye draya, na semina nyingi za usalama zinaishia hapo: usitumie ekstensheni, usishike swichi kwa mikono mibichi, piga 114 moto ukitokea. Maneno ya kweli yote. Lakini dada huyu amepanga fremu. Fremu ina soketi moja, labda mbili, na waya uliovutwa na mtu aliyeambiwa panajengwa duka. Duka la sabuni na unga linahitaji taa, friji ya soda na redio. Soketi ziko mbili, vifaa viko saba. Ekstensheni kwake ndiyo njia pekee ya kufanya kazi aliyolipia kodi ya miezi sita mbele. Na ukuta si wake. Hana ruhusa ya kuuchimba.

Mwenye fremu naye amejenga kwa awamu. Mwanzo zilikuwa fremu mbili zenye mita moja. Zikawa nne, zikawa sita, kila moja ikivutwa waya kutoka kwa jirani, mara nyingi na kishoka aliyemaliza kazi kwa jioni moja na kuondoka na chenji. Kisheria hadithi ni safi: kazi ya kufunga umeme inatakiwa kufanywa na mtu mwenye leseni ya EWURA, na TANESCO kabla ya kukuunganisha wanataka mchoro wa mkandarasi mwenye leseni hiyo. Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza. Fremu ya tano haikuwepo siku hiyo. Hakuna aliyerudi kuangalia.

Afisa afya anapita saluni, anaangalia taulo, vitana na mifereji. Afisa biashara anapita, anaangalia leseni. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, yenye masharti ya kutosha kwa mwajiri, ila saluni nyingi hazina mwajiri kwa maana hiyo: mmoja ana jina mlangoni, wengine wanalipia kiti au wanagawana mapato. Boksi la umeme juu ya mlango, lenye kifuniko kilichofungwa kwa waya wa binding, halimhusu mkaguzi yeyote anayeingia humo ndani. Haya yanatokea katika mji ambao njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga inapita, na ambao njia nyingine ya ukubwa huohuo inaanzia kwenda Arusha na Namanga hadi Kenya. Umeme wa nchi mbili unapita kwetu kwa ukaguzi wa kila aina. Unaofika kwenye kichwa cha bibi harusi haukaguliwi.

Pendekezo langu ni dogo, na naomba Manispaa ya Singida ilipime. Fremu isikubaliwe kwa leseni ya saluni, ya kike au ya kiume, mpaka mwenye fremu aonyeshe cheti cha fundi mwenye leseni ya EWURA kinachosema mambo matatu. Kwamba kuna RCD ya miliampea 30 inayofanya kazi. Kwamba soketi ni za kutosha na zina waya wa milimita za mraba 2.5 ulio na sakiti breka yake. Kwamba kama kuna hita ya maji ya ukutani, ina waya wake peke yake unaotoka moja kwa moja kwenye boksi, maana hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24 na haina urafiki na soketi ya kawaida. Cheti kirudiwe kila baada ya miaka michache, na kila fremu inapokatwa kuwa mbili.

Nimesema mwenye fremu, si mpangaji. Najua jibu litakalokuja: atapandisha kodi. Huenda. Lakini RCD bei yake haiko mbali na ya draya moja ya maana, na inakaa ukutani miaka mingi baada ya wapangaji watatu kuhama. Jibu jingine nimelisikia mara nyingi, kwamba watu wamefanya kazi hivi miaka kumi na hakuna aliyekufa. Waliosema hivyo nimewauliza kama kuna aliyewahi kupigwa shoti. Wote wanacheka, wote wana hadithi. Kila hadithi hiyo ni mtu aliyekuwa na ndala kavu miguuni siku hiyo.

Halmashauri ina mkono mwingine pia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, inasaidia vikundi kufungua biashara, saluni zikiwemo. Kikundi kinapoandika andiko la mradi, kinaorodhesha draya, stima, viti na vioo. Gharama ya kurekebisha umeme wa chumba iwekwe kwenye orodha hiyo hiyo, na afisa maendeleo ya jamii airudishe fomu isiyokuwa nayo. VETA nao, wanaofundisha umeme wa majumbani na pia urembo, wanaweza kuwaketisha wanafunzi wa fani hizo mbili darasa moja kwa siku moja. Msusi ajue kusoma maandishi ya wati mgongoni mwa kifaa, na fundi ajue saluni inavyokuwa Jumamosi saa nane mchana.

Wakati tunasubiri hayo, kuna ambayo hayangoji Manispaa. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu, acha taa moja ikujulishe umerudi. Pasi ya nywele iliyosahauliwa juu ya taulo imechoma vyumba. Asetoni na spiriti vikae mbali na soketi. Mwenzio akinaswa usimvute kwa mkono. Zima kwenye meni kwanza. Moto wa umeme usiumwagie maji.

Na wewe unayetafuta fremu ya saluni wiki hii, iwe Majengo, Ipembe au Kiomboi: kabla hujatoa kodi, omba ngazi, fungua kifuniko cha boksi. Tafuta kibonye kidogo chenye herufi T. Kibonyeze. Kama umeme wa fremu nzima umekatika, rudisha swichi, endelea na mazungumzo ya bei. Kama haukukatika, au kibonye hakipo, mwambie mwenye fremu akiweke kwanza, ndipo utoe hela.